Uzi Mpya, Cherehani ya Kale: Nani Ampishe Mwenziwe?

Kiswahili kimehifadhi methali mbili ambazo, zikikutanishwa njiani, hazisalimiani. Moja yasema ya kale ni dhahabu. Nyengine yasema kipya kinyemi ingawa kidonda. Watu wengi huishi nazo zote mbili bila ya taabu, kwani kila siku huchukua ile inayowafaa na kuiacha nyengine ukutani. Lakini ipo kazi ambayo mwenye kuifanya hawezi kuchagua moja na kuitupa ya pili, kwa kuwa vyote viwili, cha kale na kipya, vimo mikononi mwake kwa wakati mmoja. Kazi hiyo ni ushonaji.

Apitaye kwenye baraza za maduka ya Bukoba mjini, au siku ya gulio katika vijiji vya Muleba, pande za Kamachumu, Nshamba na Rubya, atazikuta cherehani nyeusi za kukanyaga kwa miguu, zenye nakshi za rangi ya dhahabu zilizofutwa na viganja vya miaka mingi. Baadhi zina jina la Singer, baadhi zina picha ya kipepeo wa Shanghai. Hata jina lenyewe la chombo limesafiri: cherehani ni neno lenye nasaba na charkh ya Kiajemi, yaani gurudumu. Aliyeirithi kwa baba au kwa shangazi hajali sana lilikotoka jina. Yeye anachokijua ni kwamba gurudumu hilo lilisomesha watoto, na kwamba bado lazunguka.

Taabu huanza kwenye uzi. Cherehani za Singer zilizopelekwa katika makoloni ya Kiingereza nyingi zilitoka Clydebank, mji wa Scotland, ambako kiwanda chake kilitoa zaidi ya mashine milioni moja katika mwaka 1913 pekee, na kikafungwa mwaka 1980. Ng'ambo ya pili ya mto Clyde, pale Paisley, ndiko vilikokuwa viwanda vikubwa vya uzi wa pamba vya akina Coats na Clark. Mashine na uzi, kwa hiyo, walikuwa majirani, wana wa zama moja. Uzi ulizungushwa kwenye rili ndogo ya mti, mzunguko juu ya mzunguko, ukiwa umelala sambamba. Na kijiti kilichosimama juu ya mgongo wa cherehani kilipimwa kwa tundu la rili hiyo. Fundi alipokanyaga, rili ilizunguka kwenye kijiti chake na uzi ukatoka ubavuni, taratibu, kama maji yatokayo mtungini.

Leo rili ya mti haipatikani tena dukani. Kilichopo ni koni: kubwa, pana chini na nyembamba juu, imevikwa maelfu ya mita za uzi wa poliesta. Uzi huo haukulala sambamba, bali umepishana mbio, mshazari juu ya mshazari, kwa sababu umekusudiwa uvutwe kwa juu, kileleni, hali koni yenyewe imesimama tuli. Fundi akiilazimisha kukaa kwenye kijiti cha kale, koni hulemea upande, huyumba, hukwama, kisha huachia kwa kishindo. Uzi hukatika. Usipokatika, mshono hukunjamana kama uso wa mtu aliyeonja ndimu.

Hapo ndipo fundi mgeni wa kazi hukosea, na kosa lake lastahili kutazamwa kwa makini kwa sababu si lake peke yake. Auonapo mshono umeharibika, mkono wake huenda moja kwa moja kwenye skrubu ya kukaza uzi. Hukaza, haikufaa. Hulegeza, uzi wa juu hushuka chini. Hubadili sindano, hugombana na mashine, na mwisho hutoa hukumu kwamba cherehani imezeeka. Kumbe cherehani haikutenda kosa. Wala koni haikutenda kosa. Kila mmoja anafanya sawasawa alivyoumbwa kufanya. Kosa limekaa baina yao, katika njia ya kutoka kwa huyu kwenda kwa yule, na njia haina mtu wa kuilaumu.

Basi nani ampishe mwenziwe? Majibu yaliyozoeleka ni mawili. La kwanza ni la mwenye kuabudu ukale. Yeye huifunika cherehani kwa kitambaa cha kufuma, huiweka sebuleni na kuwaonyesha wageni. Anaamini anaiheshimu, lakini chombo kilichoumbwa kifanye kazi hakiheshimiwi kwa kunyimwa kazi. La pili ni la mwenye haraka. Yeye huchukua msumeno akakikata kijiti, au hutoboa mgongo wa chuma apigilie kishikio kipya cha kuchukulia koni. Siku hiyo hushona vizuri. Ila amemwamulia mjukuu wake jambo ambalo mjukuu hakuulizwa.

Mafundi wazoefu wanalo jibu la tatu, na ajabu yake ni uchache wa gharama. Koni huwekwa kando, juu ya meza au sakafuni nyuma ya mashine, pengine ndani ya kopo ili isianguke. Waya huchukuliwa, spoki ya baiskeli iliyochakaa au ubavu wa mwavuli uliovunjika, ukapindwa kichwa uwe kitanzi, na kitanzi hicho kikasimamishwa wima juu ya kilele cha koni. Uzi hupanda, hupita kitanzini, kisha huteremka kwenye njia yake ya zamani: kwenye visahani vya kukazia, kwenye mkono unaopanda na kushuka, hadi kwenye tundu la sindano. Kijana anayejifunza akiuliza, "Shikamoo mzee, mbona kijiti tumekiacha bure?" hujibiwa, "Marahaba mwanangu. Kiache. Hakikukosei kitu." Baada ya hapo skrubu hulegezwa kidogo, maana poliesta hunyumbuka kuliko pamba na ikibanwa mno huukunja mshono, kitambaa chakavu hupitishwa kwa majaribio, na kazi huanza.

Katika jibu hilo mna kanuni ya maadili inayopita mipaka ya ushonaji. Waya ule waweza kuondolewa. Jioni fundi akitaka huung'oa, na cherehani ikabaki kama ilivyotoka kiwandani, tayari kupokea rili ya mti iwapo siku moja itarudi, au uzi wa aina nyengine ambao hakuna aliyeuota bado. Msumeno hauondoleki. Tofauti ya marekebisho mema na maharibifu, basi, haiko katika upya wala ukale wa kitu. Imo katika swali moja: atakayekuja baadaye ataweza kukirudisha? Aliye hai ana haki ya kukitumia alichoachiwa, ila haki ya kukifunga kisirudi nyuma hakuachiwa.

Watu wa visiwani na mwambao wanalijua wazo hili kwa jina jengine. Katika wakfu, asili ya mali hufungwa na manufaa yake huachiwa: mnazi hauuzwi, nazi huliwa. Wahaya wa Bukoba na Muleba wanalo lao, nalo ni kibanja, shamba la migomba na mibuni linalozunguka nyumba, ambamo wazee wamezikwa na ambalo kwa mila haliuzwi hivi hivi bila ya ukoo kujua. Kibanja hakikuwa jumba la makumbusho hata siku moja. Kila kizazi hukitandaza majani, hukitia samadi na kupanda kilichokosekana. Ugonjwa wa mnyauko ulipoishambulia migomba ya Kagera katika miaka ya 2000, wakulima waling'oa walichotakiwa kung'oa. Na migomba ya FHIA iliyozalishwa Honduras ilikuwa imekwisha kupata nafasi yake kando ya ile ya mababu. Udongo ulibaki wa ukoo. Amana, kwa maana hii, si kitu cha kuangaliwa tu. Ni kitu cha kutumiwa kwa namna ambayo itamwezesha na mwengine kukitumia.

Hata hivyo haifai kulifanya jambo likawa jepesi kuliko lilivyo. Mjane ambaye cherehani ndiyo riziki yake yote, naye kijiti kimemvunjikia katikati ya kazi ya watu, hawezi kuambiwa angoje mpaka falsafa ipate waya. Akilazimika kutoboa, na atoboe. Riziki ya mtoto aliye hai ina uzito kuliko uhuru wa mjukuu asiyezaliwa. Tena ziko nyuzi ambazo hakuna kitanzi kitakachozipatanisha na sindano ile: uzi mnene wa kushonea viatu utaikata njia yake au utaivunja sindano, na hapo busara ni kukiri kwamba si kila kipya kina mahali katika kila cha kale. Kanuni ya kurudisha haikuja kufuta dharura. Imekuja kumzuia mtu asiite dharura kile ambacho kwa kweli ni uvivu wa kutafuta spoki.

Na pana jambo la pili la kuwanyamazisha waabudu ukale. Cherehani yenyewe ilipofika nchi ya Wahaya ilikuwa ndicho kipya kinyemi. Kabla ya pamba ya madukani watu wa nchi hiyo walivaa lubugo, nguo ya gome la mti lililogongwa kwa nyundo mpaka likalainika. Kila mshono wa kwanza wa mashine ulikuwa pia hatua ya kuliaga gome. Ukale, kumbe, si sifa iliyomo ndani ya kitu. Ni cheo ambacho wakati humpa yeyote aliyedumu.

Mpenzi wa ushairi ameshaona uzi huu unakoelekea. Shairi la mizani kumi na sita kwa mshororo, nane na nane, ni cherehani iliyorithiwa. Maneno ya leo ni koni. Kompyuta lina mizani minne, ko-m-pyu-ta, na halimo katika hazina ya vina waliyoiacha wazee. Mtunzi mwenye haraka huongeza mizani ya tisa na kudai kwamba sikio halitatambua, nalo sikio hutambua. Mwenye kuabudu ukale hulifukuza neno, na shairi lake likabaki kuzungumza na marehemu peke yao. Malenga hutafuta kitanzi: huligeuza neno upande, hulipeleka katikati ya kipande badala ya mwisho, hulitafutia jirani wa silabi moja, na kanuni alizozikusanya Kaluta Amri Abedi katika kitabu chake cha mwaka 1954 hubaki zima.

Watauliza wengine kuhusu Euphrase Kezilahabi, mwana wa Ukerewe, kisiwa cha ziwa lile lile linaloipiga pwani ya Bukoba, aliyeitoa Kichomi mwaka 1974 na kuzusha mabishano makubwa juu ya mashairi yasiyofuata vina na mizani. Je, yeye hakushika msumeno? Akipimwa kwa kanuni hii, hapana. Yeye aliiacha cherehani ilipo, akaketi pembeni akashona kwa mkono. Mashine haikukatwa kijiti; waliotaka kuendelea kuikanyaga waliendelea, na wanaendelea hadi leo. Anayestahili lawama ni yule anayeivunja mizani ndani ya shairi la mizani, kisha akamkabidhi kijana chombo kilichotoboka na kumwambia kwamba hivi ndivyo kilivyokuwa.

Kila Januari, shule zinapofunguliwa, baraza za mafundi wa Bukoba na Muleba hujaa mashati meupe na sketi za buluu. Mzazi amesimama, mtoto amesimama, na fundi ana siku mbili. Saa kama hiyo hakuna anayeuliza ni nini kilichotoka Scotland na nini kilichotoka kiwanda cha juzi. Kinachoulizwa ni kama mshono utashika. Nao utashika kwa sababu ya kipande cha waya ambacho hakuna atakayekitaja wala kukilipia, kilichosimama baina ya zama mbili bila ya kudai kuwa cha upande wowote. Huenda ndiyo sababu kazi ya kupatanisha hupata wachache: anayeifanya vizuri huonekana kana kwamba hakufanya kitu.