Ada, Muda na Mfadhili

Serikali ya Uganda hulipia shahada ya kwanza ya maelfu ya vijana katika vyuo vikuu vya umma, kisha kwa kawaida mkono wake huishia hapo. Bodi ya mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2014, nayo imelenga stashahada na shahada ya kwanza, tena ikitanguliza masomo ya sayansi. Mhitimu wa sayansi ya siasa wa Chuo Kikuu cha Makerere anayetaka kuendelea na uzamili au uzamivu ni nadra apate dirisha la serikali la kubisha hodi. Rais Yoweri Museveni mwenyewe alisoma uchumi na siasa Dar es Salaam hadi mwaka 1970, lakini utawala wake haufichi unakoegemea: mwaka 2022 mishahara ya wahadhiri wa sayansi ilipandishwa, ikawaacha mbali wenzao wa sayansi za jamii. Anayetafuta fedha za kusomea siasa na alijue hilo mapema, asipoteze miezi akingoja tangazo lisilokuja.

Wengi hujilipia wenyewe. Jioni ofisi zinapofungwa, taksi kutoka katikati ya jiji huwashusha Wandegeya, jirani na Makerere, watu wenye mashati ya kazini na kompyuta mgongoni, wakapanda mlima kuelekea darasani kabla ya kutia kitu tumboni. Ada yao ni mamilioni kadhaa ya shilingi, na hupatikana vipande vipande: sehemu ya mshahara, mkopo wa chama cha akiba, msaada wa mjomba, mara nyingine bei ya kiwanja. Kampala inajua kuchanga. Vikao vya harusi hufanyika wiki baada ya wiki, na ahadi huandikwa daftarini moja baada ya nyingine. Kikao cha kuchangia tasnifu bado hakijasikika.

Hata hivyo, ada siyo inayowakwamisha wengi. Masomo ya darasani hukamilika, mitihani hufauliwa, kisha inabaki tasnifu, na hapo ndipo miaka inapotea. Anayechunguza jinsi madiwani wa Gulu wanavyogawa bajeti ya wilaya hawezi kufanya hivyo kwa Jumamosi mbili. Anahitaji wiki kadhaa za kukaa huko, za kungoja mwenyekiti wa kijiji arudi kutoka shambani, za kusoma majalada ofisini na kurudia mahojiano yaliyoharibika. Mwajiri hatoi likizo ya namna hiyo yenye malipo. Ada inaweza kukopwa. Muda wa kusoma na kuandika haukopeki, na ufadhili wa kweli wa shahada ya juu ni ule unaonunua muda huo. Tangazo linaloahidi ada peke yake, bila posho ya kujikimu, linafaa lisomwe kwa tahadhari, hasa na mwenye watoto.

Mshahara unaolipa ada ya jioni nao mara nyingi una mfadhili nyuma yake. Wahitimu wengi wa siasa huajiriwa na asasi za kiraia zinazoshughulikia utawala bora, haki za binadamu na uchaguzi, na asasi hizo huishi kwa fedha za nje. Mfuko wa Democratic Governance Facility, uliochangiwa na nchi za Ulaya, ulisimamishwa kwa amri ya rais mwanzoni mwa mwaka 2021, ukaruhusiwa tena mwaka 2022, na kufikia mwisho wa mwaka huo ukafungwa kabisa. Mwaka 2025 ikaja zamu ya USAID, iliyovunjwa na serikali ya Marekani. Mtu anayedhani anajisomesha kwa jasho lake huweza kugundua ghafla kwamba ada yake ilikuwa ikitegemea uamuzi wa Washington au wa Ikulu ya Entebbe.

Utegemezi huo si wa leo. Ali Mazrui, mtoto wa Mombasa aliyekuja kuongoza idara ya siasa ya Makerere, alipata daraja la tatu katika mtihani wa Cambridge wa kumaliza sekondari, na Makerere hiyohiyo ikamkataa. Akafanya kazi katika chuo cha Kiislamu cha Mombasa. Hotuba aliyoitoa kwenye sherehe ya Maulidi mbele ya gavana wa Kenya ndiyo iliyomfungulia njia ya kupata udhamini wa kwenda Uingereza. Alihitimu Manchester mwaka 1960, akachukua uzamili Columbia, New York, mwaka uliofuata, kisha akaenda Oxford kwa uzamivu. Alianza kufundisha Makerere mwaka 1963 na kufikia 1965 alikuwa profesa, ilhali shahada ya Oxford ilikuja mwaka 1966. Enzi hizo vyuo vipya vilikuwa na njaa ya walimu wa Kiafrika, na Wakfu wa Rockefeller ulimwaga fedha katika Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, ambacho Makerere ilikuwa sehemu yake, ili wapatikane. Mahmood Mamdani, msomi mwenzake wa siasa, naye aliondoka Kampala baada ya uhuru kwa udhamini wa Marekani, akasoma Pittsburgh, na mwaka 1974 akapata uzamivu Harvard. Serikali zilizokuwa zikiwashindania wasomi wa Afrika wakati wa Vita Baridi hazikuuliza sana watasoma nini. Kwa mwombaji wa leo, huo ni ukarimu wa kusikia kwa wazee tu.

Makerere ilipoanza kupokea wanafunzi wa kujilipia mwanzoni mwa miaka ya 1990, idara zilijifunza kuishi kwa ada, na walimu kwa kazi za ushauri. Mamdani aliyachambua mageuzi hayo katika kitabu chake cha mwaka 2007, Scholars in the Marketplace. Alipopewa kuongoza taasisi ya utafiti wa jamii ya Makerere, MISR, mwaka 2010, alijaribu kinyume chake. Mwaka 2012 programu ya uzamivu ya miaka mitano ilianza, miaka ya kwanza ikiwa ya kusoma darasani, na siasa ikiwa mojawapo ya michepuo yake. Wanafunzi walilipiwa ada na kupewa posho ili wasilazimike kukimbizana na kazi za ushauri na semina zake za hotelini. Hoja yake ilikuwa kwamba kazi ya ushauri hujibu swali lililoulizwa na mwingine, na mtafiti asiyejifunza kuunda swali lake hubaki karani wa takwimu. Hoja hiyo ina nguvu. Lakini posho hizo nazo zilitoka kwa mashirika ya Marekani, yakiwemo Ford na Carnegie, na ufadhili wa kundi moja haukuwa hakika kwa kundi linalofuata. Taasisi ilijenga uhuru wa maswali juu ya fedha ambazo haikuwa na mamlaka nazo. Chuo hakikuwa na fedha zake za kutosha kwa mradi kama huo.

Kwa wanaotazama nje, njia za uzamili na za uzamivu hutofautiana sana, na kuzichanganya hugharimu mwaka mzima. Uzamili hufadhiliwa zaidi na serikali. Chevening ya Uingereza hulipia mwaka mmoja, hudai uzoefu wa kazi wa takriban miaka miwili, na humtaka mhitimu arudi nyumbani kwa miaka miwili. Udhamini wa Jumuiya ya Madola, ulioanza mwaka 1959, hutaka kuona uhusiano wa somo na maendeleo ya nchi. DAAD ya Ujerumani ina mpango wa Helmut Schmidt kwa wanaosomea sera za umma na utawala bora, na Umoja wa Ulaya una Erasmus Mundus, ambapo mwanafunzi husoma katika vyuo vya nchi zaidi ya moja. Wafadhili wengi wa aina hii hutafuta zaidi kiongozi wa kesho kuliko mwanazuoni. Anayeandika kwamba anapenda nadharia za dola tu, bila kusema atazifanyia nini Uganda, huachwa mapema.

Uzamivu hufuata mantiki nyingine. Katika vyuo vikubwa vya Marekani idara yenyewe ndiyo hulipa: humsamehe mwanafunzi ada na kumpa posho, mara nyingi kwa miaka mitano, naye hufundisha au kusaidia utafiti. Si lazima awe na uzamili. Maombi hufungwa kati ya Desemba na Januari, na vyuo vingi humsamehe ada ya maombi anayeomba kwa barua kabla ya tarehe ya mwisho. Watu wa Kampala wasiojua hilo hulipa dola nyingi bure, au huacha kuomba kabisa. Sweden, Norway na Denmark hutangaza uzamivu kama ajira yenye mshahara na mkataba. Nafasi hizo hukaa kwenye kurasa za matangazo ya kazi, mahali ambapo mtafuta udhamini hafikirii kuchungulia.

Kinachoamua ni andiko la utafiti na barua za walimu. Mhadhiri aliyemfundisha mwombaji katika ukumbi wa mamia hawezi kuandika zaidi ya kwamba alihudhuria na kufaulu, na barua hiyo haimsaidii mtu. Yule aliyesimamia insha yake ndefu ana la kusema, ndiyo maana uhusiano na mwalimu hujengwa mwaka wa tatu, siyo wiki ya kufunga maombi. Andiko nalo huharibiwa na pupa ya kumpendeza mfadhili: maneno ya utawala bora, vijana na amani hupangwa mpaka swali linapotea. Andiko linaloonyesha ni kitu gani mahususi hakijaelezwa kuhusu, tuseme, ugawaji wa wilaya mpya nchini Uganda, hushinda kurasa za nia njema.

Anayebaki nyumbani ana gharama zisizotajwa kwenye tangazo lolote. Utafiti unaohusisha watu hupitia kamati ya maadili, kisha Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia, na kila hatua ina malipo na wiki zake za kungoja. Bajeti isiyoweka vitu hivi huisha mtafiti akiwa bado hajapanda basi. Kwa tasnifu yenyewe kumekuwa na misaada midogo, mingine ikiwalenga wanaofundisha huku wakiandika. Baraza la utafiti wa jamii la Afrika, CODESRIA, lenye makao Dakar na lililoanzishwa mwaka 1973, limetoa ruzuku za tasnifu. Mpango wa Next Generation wa baraza la utafiti wa jamii la Marekani, SSRC, uliozinduliwa mwaka 2011 kwa fedha za Carnegie, umewafadhili wahadhiri wa nchi kadhaa za Afrika, Uganda ikiwemo, kwa ngazi tatu: kuandaa andiko, kwenda kutafiti, na kumaliza kuandika. Ngazi ya tatu ilimwezesha mhadhiri kupumzika kufundisha kwa muda ili aandike sura zilizobaki.