Wanne Walimchukua Mmoja
(Marko 2:1-12)



Habari hii mmeijua tangu utoto: mtu mwenye kupooza, na wanne waliomchukua. Walipozuiwa na wingi wa watu mlangoni walipanda juu, wakafungua paa, wakamshusha mbele ya Yesu. Hatusomi ya kuwa mgonjwa yule alikwenda hata hatua moja kwa nguvu zake mwenyewe. Tena twasoma ya kuwa Bwana aliiona imani yao, maana yake imani ya wale waliomchukua pia. Mwezi huu nataka tuwafikiri ndugu zetu waliofungwa na pombe. Wao nao wamelala godoroni, na mara nyingi sisi ndio tuliojaa mlangoni.

Nitaanza kwa kuungama kosa langu. Hapa Igoma palikuwa na ndugu mmoja aliyekunywa gongo kila siku kwa miaka mingi. Nilimwita mbele ya wazee, nikamkemea, nikamwagiza aache siku ile ile, kisha nikamwacha aende zake peke yake. Naye alitii. Siku ya tatu mikono yake ilitetemeka, jasho likamtoka, na usiku akashikwa na degedege. Mkewe na majirani wakamchukua hospitali, na kwa rehema ya Mungu akapona. Huko nilifundishwa neno nililopaswa kulijua kwanza: mwili uliozoea kileo kingi kwa muda mrefu, ukinyimwa ghafula, waweza kudhurika hata kufa. Mtu wa namna hiyo na aanze kwa daktari, apewe dawa na kuangaliwa.

Sisi wa Igoma tunayo makaburi ya kutufundisha jambo hili. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilipinduka karibu na Mwanza, mamia ya watu wakafa, na wengi wao walizikwa hapa kwetu. Waliokuwa ndani waligonga chuma, na walio nje wakasikia, wakatoboa tundu ili wawatoe. Lakini hewa iliyokuwa ikiishika meli ikatoka, nayo ikazama. Waliotoboa walikuwa na huruma. Maarifa ndiyo yaliyopunguka. Ndugu zangu, mlevi naye hugonga toka ndani. Tumsikie, lakini tusitoboe kwa haraka kama nilivyotoboa mimi.

Basi, baada ya daktari, aende wapi? Aende kwa wenzake waliotoka katika shimo lile lile. Mwaka 1935, katika mji wa Akron huko Marekani, mfanyi biashara mmoja, Bill Wilson, aliyekuwa ameacha pombe miezi michache tu, alijiona karibu na kuanguka tena. Akampigia simu mchungaji mmoja wa mji ule, akiomba aonyeshwe mlevi wa kuzungumza naye. Kwa njia hiyo akafikishwa kwa Bob Smith, daktari wa upasuaji, naye mlevi. Daktari yule alikubali kukaa dakika 15 tu. Wakakaa zaidi ya saa 6, kwa kuwa alikuwa amempata mtu aliyeyajua mambo hayo katika maisha yake mwenyewe. Hapo ndipo palipoanza chama cha Alcoholics Anonymous, ambacho leo kina vikundi katika nchi nyingi, na Tanzania pia. Angalieni kazi ya yule mchungaji: alionyesha njia tu, nayo ilitosha.

Desturi za mikutano hiyo ni nyepesi. Hakuna ada. Linalotakiwa kwa mtu ni moja tu, nia ya kuacha kunywa. Hutaja jina lake la kwanza. Akipenda kunyamaza, hunyamaza na kusikiliza. Yanayosemwa mle hayatolewi nje. Aliyeanguka hafukuzwi, huambiwa arudi. Nao wake na jamaa za walevi wanavyo vikundi vyao tangu mwaka 1951, viitwavyo Al-Anon. Je, hayo si yale aliyotuagiza Yakobo, ya kuungamiana na kuombeana ili tuponywe (Yak. 5:16)?

Ndugu yule alipopata nguvu, mzee mmoja aliyekwisha acha pombe alimjia nyumbani, akaketi naye. Wakakutana tena juma lililofuata, na wengine wawili wakaongezeka. Sasa ni wanne, nao hukutana kila juma jioni. Mimi siendi isipokuwa nimeitwa.

Kwenu walimu na wazee wa sharika nina maneno matatu. Kwanza, ulizeni hospitalini, kama vile Bugando, na kwa watu waliokwisha kuacha, mjue vikundi vilivyo karibu. Pasipo na kikundi, wawili wenye nia moja watosha kuanza. Pili, mkutano wao msiugeuze kuwa baraza la hukumu, wala majina yao yasitajwe mimbarani. Tatu, siku ya kwanza msimtume mtu peke yake. Mwendeeni nyumbani, mfuatane naye hata mlangoni, kwa maana mlango ule ni mzito sana kwa aliye na aibu.

Na wewe usomaye haya kwa siri, ukiwa na chupa chini ya kitanda, usingoje upate nguvu kwanza. Yule mwenye kupooza hakungoja kupona ili achukuliwe. Mwambie mtu mmoja leo.

Bwana na atupe mikono ya kuchukuliana mizigo. Amin.