Aliyeuona Ufa Akapanda

Leo somo langu silitoi kwenye shamba la mizabibu wala kwenye mashua ya wavuvi. Nalitoa kwenye ndege kuukuu.

Tarehe 6 Januari 2014, ndege aina ya DC-9 iliruka kutoka Minneapolis kwenda Atlanta, huko Marekani, na namba ya safari yake ilikuwa mwaka wenyewe: 2014. Ilipotua, shirika la Delta likawa limezistaafisha ndege zake za aina hiyo. Sasa sikieni. Delta ndilo lililokuwa la kwanza duniani kubeba abiria kwa DC-9, mwaka 1965. Mwaka 1993 likaachana nazo. Mwaka 2008 likaungana na shirika la Northwest, na mnajua mambo ya ndoa: bibi harusi haji peke yake, huja na wazee wake. DC-9 zikarudi kwa mlango wa ukweni! Baadhi yake zilikuwa zimeshapitia ndoa nyingine mbili. Zilinunuliwa na shirika la North Central, zikawa za Republic mwaka 1979, zikawa za Northwest mwaka 1986. Kila mara rangi mpya, bati lile lile.

Na wazee hao hawakutupwa siku ya harusi. Walikaguliwa, wakafanya kazi miaka mingine mitano, kisha wakapumzishwa siku iliyojulikana. Mzigo wao ukapokelewa na wengine, wakiwamo wajukuu wao. Shirika la Southwest lilipolinunua shirika la AirTran mwaka 2011 lilikuta ndege 88 aina ya 717 ambazo halikuzihitaji, kwa kuwa lenyewe hurusha 737 tu. Delta likazichukua. Hizo 717 ni uzao wa DC-9, zimetengenezwa Long Beach, California, kule kule alikozaliwa babu yao.

Kwa hiyo, ndugu yangu, asikudanganye mtu kwamba uzee ni dhambi. Ndege zenye zaidi ya miaka 30 zilimaliza kazi kwa amani. Lakini iko nyingine iliyokuwa na miaka 19 tu, na habari yake naomba muisikilize hadi mwisho.

Tarehe 28 Aprili 1988, Boeing 737 ya shirika la Aloha ilitoka mji wa Hilo kwenda Honolulu, katika visiwa vya Hawaii. Mafundi wa ndege hawahesabu miaka peke yake, huhesabu kupaa na kutua. Kila ndege inapopanda juu, hewa iliyoshindiliwa ndani huivimbisha bodi kidogo. Inaposhuka, bodi hunywea. Vimba, nywea, vimba, nywea. Ile ya Aloha, kwa safari zake fupi za kisiwa hadi kisiwa, ilikuwa imefanya hivyo mara 89,680, tena katika upepo wa chumvi. Kutu iliingia kwenye maungio ya mabati, gundi ikaachia, nyufa zikaanza kutambaa kutoka tundu la ribiti moja hadi jingine. Kwenye futi 24,000 paa la mbele likang'oka. Abiria wakabaki wamefungwa mikanda, juu yao mbingu tupu. Mhudumu mmoja aliyekuwa amesimama akihudumia watu alichukuliwa na upepo, na mwili wake haukupatikana. Marubani walifanikiwa kutua kisiwa cha Maui, wengine wote wakiwa hai.

Wachunguzi walipowahoji abiria, mmoja alisema kwamba wakati wa kupanda aliuona ufa kwenye bodi, karibu na mlango. Aliuona kwa macho yake. Hakumwambia mtu. Akaenda kuketi.

Sitamhukumu, kwa sababu namjua. Nimewahi kupanda basi alfajiri, nikaona tairi la nyuma limekuwa kipara, nyuzi zinachungulia. Nikamtazama kondakta, nikatazama saa, nikapanda. Tulifika salama, na kufika salama ndiko kulikonifundisha vibaya, kwa kuwa safari iliyofuata sikuyatazama hata matairi.

Tunajitetea vizuri sana sisi tulionyamaza. Fundi yupo. Rubani angeona. Mimi nani? Lakini huenda fundi naye alidhani mwenzake ameangalia, na kampuni ikadhani ratiba ya ukaguzi inatosha. Ilibidi Bunge la Marekani litunge sheria mwaka 1991 kwamba ndege iliyopita mwaka wa 14 kazini ikaguliwe kwa namna ya pekee. Sheria ile ilitanguliwa na kaburi lisilo na mwili.

Na Goma je, huko Kongo? Lava ya volkano ya Nyiragongo ilifunika sehemu ya uwanja wa ndege Januari 2002, njia ya kurukia ikabaki fupi. Miaka sita baadaye, Aprili 2008, DC-9 ilishindwa kupaa pale, ikapitiliza mwisho wa njia na kuingia mtaa wa Birere, kwa watu waliokuwa kwenye biashara zao. Lava ile haikujificha. Mtoto wa shule aliiona kila siku.

Ndugu zangu, tunasema usipoziba ufa utajenga ukuta, tunasema kila siku, na tunapita kando ya ufa. Dereva wa gari la usharika haoni vizuri jioni, nasi tunampa watoto wa kwaya awarudishe nyumbani, eti tusimvunje moyo mzee. Mpendeni basi! Mpelekeni akapimwe macho. Akiwa mzima, aendelee, hata awe na miaka 70. Akiwa amechoka, mwiteni mbele ya watu wote, mshukuruni kwa jina lake, mpokeeni funguo kwa mikono miwili. Paa la darasa linalia upepo ukivuma, na kamati inajadili rangi ya lango. Sharika mbili zimeungana, daftari la michango la upande mmoja halijafunguliwa tangu siku ya muungano, na kila mtu anaogopa kuonekana mchochezi.

Wewe unayesoma, ufa wako unaujua. Ulikuwa unaufikiria hata kabla sijamaliza. Kabla jua la leo halijazama, mtafute anayehusika, mshike mkono, umpeleke mahali penyewe, umwonyeshe kwa kidole.