Tawakali na Kina cha Maji

Mto Tana unapofurika na kuzamisha barabara za Garsen nchini Kenya, kama ulivyofanya mwishoni mwa 2023, dereva wa gari linalovuta kwa magurudumu yote manne hukabiliwa na swali la tawakali, yaani kumtegemea Mungu: je, kujiandaa ni upungufu wa imani? Hadithi ya Mtume iliyopokewa na Tirmidhi, ambamo mwenye ngamia aliamriwa amfunge kwanza ndipo ategemee, hailiachi swali hilo wazi. Kwa dereva, kumfunga ngamia ni kuliandaa gari: bomba la kuvutia hewa la injini hupandishwa hadi usawa wa paa, kwa kuwa maji, tofauti na hewa, hayashindiliki, na yakiingia kwenye silinda hupinda vyuma vya injini. Mipira ya kupumulia ya difu, yaani gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu, huinuliwa pia, ili difu yenye joto inapopoa ghafla isifyonze maji.

Hata hivyo bomba halipunguzi nguvu ya mkondo, na gari lililozibwa vizuri huelea upesi zaidi, hivyo matayarisho yenyewe yaweza kugeuka tegemeo la uongo. Wala hatari hiyo si ya dereva peke yake: mwanazuoni wa Kiislamu Al-Ghazali alitofautisha tawakali ya mtu aliye peke yake na ya mwenye familia, ambaye hana haki ya kuwatwika wategemezi wake subira bila kuwauliza. Dereva mwenye abiria yumo katika kundi hili la pili.