Fundi wa Vitasa na Mwenye Mlango

Mtu atafutaye fundi wa vitasa huuliza kwanza kama fundi huyo anaijua kazi yake. Swali ni jema, walakini halitoshi. Ujuzi wa kufunga na ujuzi wa kufungua ni ujuzi mmoja. Aliyekutilia kitasa imara mchana ndiye awezaye kukiondoa usiku. Kadiri alivyo hodari wa kukulinda, ndivyo alivyo hodari wa kukudhuru. Basi uaminifu wake haujulikani kwa wepesi wa mkono. Hujulikana kwa nini?

Mwaka 1851, wakati wa Maonyesho Makubwa ya London, Mmarekani Alfred Charles Hobbs alijaribu kufuli ya kampuni ya Bramah, iliyokuwa imekaa miaka mingi katika dirisha la duka, pamoja na ahadi ya gini 200 kwa atakayeishinda. Alishughulika nayo kwa saa 51 katika muda wa siku 16, nayo ikafunguka. Wako walionung'unika kwamba amewafundisha wezi. Wako waliojibu kwamba wezi huzijua siri hizo kabla ya wenye mali. Ubishi huo uwe na mwisho wowote, jambo moja lilidhihirika: kufuli haizuii milele, hukawiza tu. Nyuma ya chuma chote umesimama moyo wa mtu.

Katika Ufipa, mabingwa walioyeyusha chuma katika tanuri ndefu za udongo, ziitwazo malungu, hawakuushika ufundi wao ovyo. Walikuwa na dawa zao za siri na miiko yao, mmojawapo ukiwa kujitenga na wake zao wakati wa kuyeyusha. Shabaha ya miiko ile ilikuwa kufaulu kwa chuma, wala si kulinda milango ya watu. Hata hivyo ilimzoeza fundi wazo lenye thamani: mwenye uwezo ambao wengine hawana, na ajifunge yeye kwanza. Kazi ile ilififia katika karne ya 20, chuma cha viwandani kilipoenea. Haja ya wazo lile haikufifia.

Natutelemke sasa kutoka uwanda wa juu mpaka Mtowisa, katika bonde la Ziwa Rukwa. Tuseme mkulima ameuza mpunga wake, fedha zimo sandukuni, na ufunguo wa nyumba umepotea. Mafundi wawili wako karibu. Wa kwanza hufika, hufungua, hupokea ujira, huenda zake; hakuuliza neno. Wa pili huuliza: nyumba hii ya nani? Jirani yupi anakujua? Humwita mwenyekiti wa kitongoji ashuhudie, ndipo ashike bisibisi. Akiletewa alama ya ufunguo iliyopigwa katika kipande cha sabuni, hukataa kuchonga, hata akiongezewa fedha. Mkulima mwenye haraka humsifu wa kwanza na kumwona wa pili msumbufu. Lakini aliyemfungulia yeye bila swali atamfungulia na mwingine bila swali. Kumbe usumbufu wa wa pili ndiyo kufuli yenyewe.

Iko hoja nzito dhidi ya maneno haya. Mjane aliyefungiwa nje na ndugu za marehemu mumewe ataonyesha hati gani? Fundi akisikiliza wenye sauti kubwa tu, uangalifu wake utakuwa silaha ya dhalimu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaitambua haki ya mwanamke katika ardhi kuwa sawa na ya mwanamume, lakini sheria haisimami mlangoni pamoja naye saa ya jua la mchana. Kwa hiyo fundi mwaminifu hatosheki na kuuliza. Hutazama pia amemwuliza nani. Humsikiliza jirani aliyemwona mama yule akipika na kulea humo miaka yote, kabla ya shemeji aliyefika jana na kufuli mpya. Na akiombwa kuitia kufuli hiyo ili mama alale nje, asiite kazi hiyo kufunga mlango. Hiyo ni kunyang'anya kwa bisibisi.

Kwa hiyo katika kuchagua fundi tusitafute mtu asiyeweza kutuibia. Mtu huyo, kama yupo, hawezi kutusaidia. Tumtafute awezaye na asiyetaka, na ambaye kutotaka kwake kumeonekana kwa watu aliowakatalia. Nasi tuna wajibu wetu. Fundi akituuliza tu nani, tusikasirike wala tusimhongee apunguze maswali, kwa maana anayemhonga fundi ili afungue upesi amemfundisha bei ya mlango wake mwenyewe.