Jicho la Kukodi

Mwaka 1906, moto wa Vita vya Maji Maji ukiwa haujazimika kusini mwa nchi ambayo leo ni Tanzania, Mjerumani aitwaye Karl Weule, mtaalamu wa jumba la makumbusho la Leipzig, alipanda kutoka Lindi hadi Masasi na Newala. Wapagazi wake walibeba kamera ya picha mnato, mashine ya kunasa sauti kwa nta, na kamera ya sinema. Alikuwa miongoni mwa watu wa mwanzo kupiga picha zinazokwenda katika Afrika ya Mashariki. Alipiga ngoma, akanasa nyimbo, akaandika juu ya jando na unyago, na mwaka 1908 akatoa kitabu. Safari yake iligharimiwa na serikali ya kikoloni ya Ujerumani, serikali ile ile ambayo majeshi yake yalikuwa yakichoma maghala ya nafaka ya watu wa kusini ili njaa imalize kazi ambayo risasi hazikuimaliza.

Ngoma zile zilichezwa kweli. Miguu ilipiga ardhi na vumbi likatimka, na kamera haikubuni chochote. Hata hivyo, mtu wa Leipzig aliyetazama wachezaji wale asingeweza kujua kwamba siku chache za mwendo kutoka hapo palikuwa na ghala lililoteketea. Je, picha ya kweli iliyolipiwa na mwenye kuchoma ghala ni ukweli, au ni sehemu ya moshi?

Swali hilo halikuzikwa pamoja na Weule. Hivi leo, katika miji hiyo hiyo, wako vijana wanaoishi kwa kupiga video za taasisi. Hawajaajiriwa na mtu. Mmoja wao huwa na kamera, betri mbili, kompyuta ya kuhariria, na rafiki mwenye bodaboda. Juma hili huitwa na chama cha ushirika, juma lijalo na benki, halmashauri, hospitali au shirika la misaada. Korosho zikishauzwa na fedha zikiingia mikononi mwa watu, huitwa harusini na kwenye sherehe za kuwatoa wali. Lakini kazi yenye hadhi, ile inayoandikwa kwenye hadidu za rejea na kulipiwa kwa ankara, ni ile video ya dakika tano inayoonyesha jinsi taasisi fulani ilivyobadilisha maisha ya watu. Hupewa kianzio kabla ya kazi. Salio huja baada ya mteja kuridhika, na mteja haridhiki upesi.

Kazi hiyo ina ukoo wake. Kati ya mwaka 1935 na 1937, kule Vugiri katika milima ya Usambara, Waingereza waliendesha jaribio la sinema kwa ajili ya Waafrika, kwa fedha za Carnegie Corporation ya New York, wakatengeneza yapata filamu 35. Iliyokuwapo juu ya kodi, na nyingine juu ya benki ya akiba ya posta: mtu mmoja huzika fedha zake ardhini zikaibiwa, mwenzake huzipeleka benki zikasalimika. Ushauri wenyewe haukuwa mbaya. Ila katika filamu ya namna hiyo hakuna mhusika anayeuliza kodi inakwenda wapi.

Wapo watakaosema kwamba jambo hili si geni pwani. Washairi wamewasifu wakubwa tangu zamani na kula kwenye sinia zao, na hapana aliyewaita waongo. Muyaka bin Haji wa Mombasa alitia ulimi wake upande wa Mazrui katika ugomvi wao na Seyyid Said, na tungo zake hazikupungua thamani kwa hilo. Kama malenga hana lawama, mpiga video ana kosa gani?

Hoja hii ina uzito, lakini inasahau jambo moja. Aliyemsikiliza Muyaka alijua Muyaka ni wa nani. Sifa zilikuja zikiwa zimevaa nguo za sifa: vina, mizani, istiari, sauti ya kughani. Mtu aliyeketi harusini akamsikia mwimbaji akimwita bwana harusi simba hatazami huku na huku akitafuta mkia. Baina ya msifu na msikilizaji pana mapatano ya kale, na kwa sababu ya mapatano hayo sifa haimdanganyi mtu. Video ya taasisi huja imevaa nguo za shahidi. Inasema: tazama mwenyewe, huyu ni mkulima halisi, hii ni sauti yake. Huficha kuwa ni sifa, na thamani yake kwa mteja imo katika kuficha huko. Kizuri chajiuza, walisema wazee, na kibaya chajitembeza. Hawakusema lolote juu ya kitu kinachotembezwa kwa mfano wa kinachojiuza.

Na uchukuliwe mfano ambao si wa mtu mmoja. Uwanda wa Makonde ni mkavu. Mvua hunyesha, lakini ardhi yake hunywa maji yote, na kwa vizazi vingi wanawake wa Newala na vijiji jirani walishuka makorongo hadi mabondeni, wakapanda tena na mitungi kichwani. Mradi wa maji wa Makonde, ambao mwanzo wake ni miaka ya 1950, ulijengwa ili maji yasukumwe kutoka bondeni hadi juu, na hadi leo vijiji vimekuwa vikiunganishwa kimoja baada ya kingine. Sasa shirika limeweka bomba katika kijiji, nalo linataka video. Video inataka kisa, na kisa kinataka “kabla” na “baada”. Baada ipo: bomba linatiririka, watoto wanacheka. Kabla haipo tena, maana hakuna aliyeipiga ilipokuwapo. Basi mpiga picha anamwomba mama mmoja, mtu wa miaka hamsini na kitu, ashuke tena bondeni na ndoo, apande nayo, jua likiwa upande ule ule wa kamera. Na kwa kuwa mara ya kwanza kivuli kiliharibu, ashuke mara ya pili.

Je, huo ni uongo? Alishuka njia hiyo maisha yake yote, na kila hatua ya kamera ina hatua elfu nyuma yake zisizopigwa. Anayeitazama video hataamini jambo lisilowahi kuwa. Kwa mizani hiyo mpiga picha hana hatia, na pengine ametenda haki kwa kukumbusha taabu ambayo ingesahauliwa.

Lakini mizani hiyo hupima picha tu, haimpimi mama. Bomba liliwekwa ili asishuke bondeni, na ameshushwa bondeni ili bomba lisifiwe. Amelipa kwa magoti yake gharama ya tangazo la watu wengine. Kama malipo yake ni soda na ahsante, na kama hakujua kwamba angeweza kukataa bila bomba kukatwa, basi hapo ndipo palipo dhuluma, hata kama kila sekunde ya video ni ya kweli. Wengi hujadili ukweli wa picha wakadhani wamemaliza. Kumbe uko ukweli wa namna ya pili, nao ni wa jinsi mtu alivyotendewa wakati picha inapatikana.

Kukata nako ni kusema. Msimu wa kiangazi mikorosho hupuliziwa salfa kuikinga na ubwiri unga. Mpuliziaji hupita chini ya miti mashine ikiunguruma mgongoni, na wingu la manjano humfunika. Wengine huwa na barakoa, wengine kitambaa puani, wengine hawana kitu. Mteja akiiona sehemu ya huyo wa mwisho atasema iondolewe, haipendezi. Ikiondolewa hakuna kilichobuniwa, na video itabaki na watu wenye barakoa ambao kweli wapo. Yaliyoondolewa ni mapafu ya mtu mmoja.

Zipo sheria. Katiba ya mwaka 1977 inalinda faragha ya mtu, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeongeza uzito wa ridhaa. Karatasi ya ridhaa basi huletwa, na dole gumba huwekwa. Karatasi ni bora kuliko kutokuwa nayo. Lakini aliyetia dole ameridhia kupigwa picha. Ni vigumu kusema ameridhia kuwa sura ya umaskini katika ukumbi wa mkutano asioujua, miaka kumi baada ya yeye kununua godoro na bati.

Kumtupia lawama zote huyo kijana wa kamera ni wepesi usio na haki. Mwajiriwa akikataa amri huitwa kikaoni. Asiye na mwajiri akikataa, haitwi tena, basi. Hapana barua ya kumfukuza wala mahali pa kukata rufani. Salio lake liko mikononi mwa mtu yule yule anayetaka sehemu ya salfa ikatwe, na salio hilo hungoja miezi, ilhali pwani nzima inajua mafundisho ya kulipa ujira kabla jasho halijakauka. Anayemcheleweshea malipo amekwisha kununua ukimya wake kwa bei ndogo kuliko iliyoandikwa kwenye ankara. Ushujaa wa mtu wa namna hii ni ghali kuliko wa mwenye mshahara, na haifai kuudai kana kwamba ni bure.

Uwanda wenyewe una adabu ya kale juu ya yanayoonyeshwa na yasiyoonyeshwa. Mcheza kinyago huonekana na kila mtu, na uso wake hauonekani. Hutajwi jina lake hata kama mwendo wake umemtambulisha. Jandoni hufundishwa mambo ambayo hayasemwi nyumbani. Mpiga picha aliyezaliwa huko anajua bila kuambiwa mahali pa kushusha kamera, na hakuna mteja anayeweza kumlipa aipandishe. Maana yake ni kwamba kukataa anakujua. Anakutumia penye mila. Kwa mama mwenye ndoo hakumjii akilini, kwa sababu hakuna mwiko uliomzunguka mama huyo.

Na jambo dogo lingewezekana bila kumgharimu mtu mkate wake: video ionyeshwe kijijini kwanza, jioni, ukutani mwa ghala la korosho, kabla haijapelekwa kwa mwenye fedha. Hapo watu wangecheka, wangebisha, wangesema fulani hakusema hivyo. Sauti alizozinasa Weule zilisafiri hadi Ujerumani, zikahifadhiwa huko, na kwa miaka mingi walioweza kuzisikia ni watu wasiojua lugha ya nyimbo zile. Saa nyingi za picha zisizotumika zimelala sasa hivi katika diski za vijana wa Masasi, na ndani yake yumo mpulizia salfa asiye na barakoa, akikohoa, na mama aliyeketi juu ya jiwe katikati ya mlima, ndoo ikiwa chini, akiuliza kama imetosha.