Daraja na Sura Yake Majini

Jicho lina njaa ya uzuri kama tumbo lilivyo na njaa ya chakula. Msafiri aingiapo mji mgeni hutembea bila haja maalumu, na aghalabu miguu humpeleka mtoni; maana penye mto pana daraja, na penye maji matulivu madaraja huwa mawili, moja la mawe juu na jingine la nuru chini. Husimama, huinua kamera, hungoja upepo utulie, kisha hupiga picha. Je, alichokitwaa ni kweli, au ni uzuri mtupu?

Mji wa Mostar, katika Bosnia na Herzegovina, hutoa mfano ulio wazi. Daraja lake juu ya mto Neretva lilijengwa na fundi Hayruddin kwa amri ya Sultani Suleiman, likakamilika mwaka 1566. Ni tao moja la mawe, lirukalo mita 29 hivi toka ukingo hadi ukingo. Tarehe 9 Novemba 1993, vitani, mizinga ya jeshi la Wakroatia wa Bosnia ililiangusha mtoni. Daraja lilitoweka, picha zilibaki. Mithali husema kuwa maji yakimwagika hayazoleki, walakini picha, michoro na vipimo vya zamani viliwasaidia waashi kulisimamisha tena, na tarehe 23 Julai 2004 lilifunguliwa. Kilichopigwa kwa ajili ya starehe kiligeuka kuwa ushahidi.

Lakini ushahidi una masharti. Wengi waitazamapo picha hiyo husema kwamba mto uliwatenga maadui na daraja likawaunganisha. Sivyo. Katika mapigano ya 1993 mstari wa vita haukuwa mto, bali barabara iitwayo Bulevar, magharibi ya mto. Na ncha zote mbili za daraja zilikuwa mikononi mwa upande mmoja, wa Wabosnia. Basi picha isiyo na uwongo hata wa jiwe moja yaweza kuzaa uwongo moyoni mwa mtazamaji.

Yamkini mtu atatetea kuwa mpiga picha hana lawama, kwa kuwa kamera, kama maji, hurudisha tu kilichowekwa mbele yake. Hoja hii ina nguvu, ila imesahau jambo moja. Maji hayachagui, mtu huchagua mahali pa kusimama, saa ya kungoja na kitu cha kuacha nje. Achaguaye huulizwa. Aliyefika mtoni akarudi, asiikanyage Bulevar wala kuuliza habari zake, ametwaa uso wa mji akaacha maneno yake.

Hili si agizo la kuudharau uzuri. Ni agizo la kuvuka daraja kabla ya kulipiga picha, na kuandika nyuma ya picha yale yasiyoonekana mbele yake. Sura iliyo majini hupinduka, juu ikawa chini, wala hakuna ayalaumuye maji, maana kila mtu huliona daraja lenyewe likisimama juu yake. Picha ipelekwayo mbali haina daraja juu yake. Aitazamaye hana cha kuisahihisha ila neno la yule aliyeipiga.